Dodoma–Dar kwa ndege ni masaa mangapi? Mkuu, usilipe kwanza!

Mkuu, USILIPE. Umeuliza umbali wa Dodoma–Dar, muda angani, kilo za mzigo na upande gani wa kukaa uone mandhari. Halafu umetupia kama utani kwamba unatua Dar saa 8:40 mchana na ndege ya Dubai inaruka saa 10:45 jioni, tiketi mbili tofauti. Hapo ndipo nilipoacha chai yangu.

Umbali ni kama kilomita 400 kwa anga, ndege ya pangaboi inatumia saa moja na dakika chache. Haya, umejibiwa. Sasa sahau hiyo namba, maana ndiyo iliyoniua.

Nami nilikuwa na tiketi mbili kama zako, Dodoma–Dar halafu Dubai ya 10:45. Wakala aliyenikatia pale mjini aliniambia, "Bro, ni lisaa limoja tu, utafika hadi uchoke kusubiri." Nikamwamini, si alikuwa na kalenda ya ndege ukutani! Siku yenyewe ndege ikachelewa kuondoka Dodoma dakika 50. Dakika 50 tu, wala hakuna aliyelalamika, abiria wenzangu walikuwa wanaenda zao Kariakoo. Nikatua saa 9:20. Begi halikuunganishwa, maana tiketi hazijuani, kwa hiyo nikasimama kwenye mkanda kama dakika 20 nikiangalia mabegi ya watu. Kisha mbio kutoka jengo la pili (ndege za ndani) kwenda la tatu (za nje) na boksi la zabibu za dada yangu kichwani, vua mkanda, vua viatu, kagua. Nafika kaunta saa 10 kasoro dakika 5. Wamefunga saa 9:45, saa nzima kabla ya kuruka. Ndege ipo, naiona kwa kioo! Dada wa kaunta ananipa pole.

Kumbe bado. Usipotokea safari ya kwenda, na ya kurudi inafutwa. Tiketi mpya ilinitoka zaidi ya milioni mbili. Nikampigia wakala: "Sasa mimi ningejuaje itachelewa?" Ningejuaje! Kamisheni alijua kuipokea. Zabibu nilizila mwenyewe palepale kwenye benchi, zilikuwa tamu sana, asanteni kwa kuuliza.

Piga hesabu yako: unatua 8:40, kaunta inafungwa 9:45. Una dakika 65 za kushuka, begi, kuhama jengo na foleni. Ndege ya kwanza ikipiga chafya tu umekwisha, na shirika la pili hulidai kitu wala halikujui.

Tiketi mbili, lala Dar. Panda treni ya SGR siku moja kabla, masaa matatu na ushee umefika, gesti ya Kipawa, jirani na uwanja, haizidi bei ya machozi yangu. Au tafuta tiketi MOJA kutoka Dodoma mpaka Dubai, hapo ukiachwa ni kazi yao kukutafutia ndege nyingine.

Umeshalipa au bado ni buking tu? Jibu hilo kwanza.