Pima Tundu, Usipime Kifuniko: Nilivyobadilisha Vifuniko vya Matundu ya Joto Sakafuni

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa dada mmoja anayeishi Columbus, Ohio. Amenunua nyumba yake ya kwanza, nyumba ya zamani, na kila akiingia sebuleni macho yake yanakwenda moja kwa moja kwenye vifuniko vya matundu ya joto sakafuni. Vina kutu, vimepinda, rangi imebanduka. Amepata fundi anayetaka dola 500 ambadilishie vyote. Akamaliza hivi: "Dada, nimpe?"

Nilimjibu neno moja: usimpe. Halafu nikakaa nikaona neno moja halitoshi, kwa sababu mimi nilimpa wangu, na hadi leo nikipita karibu na meza ya chakula naona alama alizoniachia.

Sisi tuliokulia Tanga, joto la nyumba hatukuwahi kulitafuta. Tulifungua madirisha upepo wa bahari uingie, basi. Huku Minnesota, Marekani, joto linatoka chini. Kwenye besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, kuna tanuru, linapasha hewa, feni inaisukuma kwenye njia za bati zilizopita chini ya sakafu, na hewa inatokea kwenye matundu, mengi yakiwa karibu na madirisha kwa sababu huko ndiko baridi inakoingilia. Juu ya kila tundu kuna kifuniko cha chuma chenye uwazi, na chini yake vibao unavyovifungua au kuvifunga kwa kishikio kidogo. Nyumba yangu ilijengwa 1952 na ina matundu 13 ya namna hiyo. Nilivyohamia vifuniko vilikuwa vya rangi ya kahawia, vingine vimepakwa rangi juu ya rangi mpaka vibao havisogei.

Ningeweza kuishi navyo. Lakini mama yangu alikuja kututembelea mwezi wa Novemba, na mahali alipopapenda kuliko pote ni pembeni ya tundu la sebuleni. Anavuta kiti, anaweka miguu, kanga inajaa hewa ya moto kama tanga la ngalawa, anatulia. Siku ya tatu ukingo wa kile kifuniko ukamchana kidole cha mguu. Hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, nyumba ni nzuri, ila hivi vyuma vimechoka." Maneno hayo yalinikaa moyoni.

Nikamtafuta fundi. Nikapewa mtu wetu, Mswahili mwenzetu, na nikafurahi kwamba hela yangu itabaki kwa ndugu. Sitamtaja. Nilimlipa dola 620, vifaa na kazi, nusu kabla. Alikuja na vifuniko vyeusi vyenye nakshi ya maua, vizuri ajabu. Nilikwenda kazini zamu ya usiku, nikarudi kazi imekwisha, nikampigia mama simu ya video nikamwonyesha chumba kwa chumba. Nilikuwa na raha.

Januari ikaingia. Usiku mmoja nje ilikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri. Tanuru lilikuwa linanguruma bila kupumzika, sebuleni kuna mluzi, wiii, usiokatika, na chumbani kwa binti yangu nilikuta amelala na koti. Niliwasha taa nikapiga magoti pale sakafuni. Nikakata kipande cha karatasi ya chooni nikakishika juu ya kifuniko: kilitikisika kidogo tu. Nikachukua bisibisi nikatoa kifuniko, nikashika tena ile karatasi. Iliruka hadi usawa wa uso wangu.

Hapo ndipo nilipoona kilichofanyika. Fundi alipima uso wa vifuniko vya zamani badala ya kupima tundu. Kifuniko kinachouzwa kama 4 kwa 10 kinaingia kwenye tundu la inchi 4 kwa 10, lakini uso wake ni mkubwa zaidi, kama inchi 5 na nusu kwa 11 na nusu, ili kingo zikae juu ya sakafu. Yeye akaona karibu 6 kwa 12, akanunua 6 kwa 12. Havikuingia. Badala ya kuvirudisha dukani, alichukua mkasi wa bati akakata sehemu yote ya chini, pamoja na vibao vya kufungia, kisha akafunga uso peke yake kwa skrubu kwenye mbao za mwaloni zilizodumu zaidi ya miaka 70. Skrubu nne kila kifuniko. Matundu 13. Piga hesabu mwenyewe.

Na ile nakshi? Nilihesabu uwazi uliokuwa umekaa juu ya tundu la chumba cha binti yangu: vijitobo 60, kila kimoja kama robo inchi ya mraba. Hiyo ni inchi 15 za mraba, na tundu lenyewe ni inchi 40. Zaidi ya nusu ya njia ya hewa niliyoilipia gesi ilikuwa imezibwa na maua. Mluzi ule ulikuwa sauti ya hewa inayolazimishwa kupita mahali pembamba.

Nilimpigia. Akaniambia, "Dada, wewe ulitaka vya kisasa." Sikumpigia tena, na sijasahau.

Kazi niliirudia mwenyewe, Jumamosi mbili, na nasema kwa fahari kwamba niliifanya vizuri kuliko yeye. Nilitoa kila kifuniko, nikapima tundu kwa ndani, upana kisha urefu, nikaandika kwenye daftari: sebuleni 4 kwa 10 mara tatu, jikoni 4 kwa 12, bafuni 2 na robo kwa 12, na kuendelea. Nilipima pia kina, kwa sababu chumba kimoja bati linakata kona hapo hapo chini ya sakafu, na kifuniko chenye vibao virefu kingegonga. Kabla ya kufunga vipya niliingiza mpira wa mashine ya kufyonza vumbi kadiri ulivyofika. Zilitoka pini za nywele, kalamu ya rangi ya mtoto, na senti moja ya 1964 ambayo naiweka kwenye kabati la vyombo.

Nilinunua vifuniko vya chuma vya mistari iliyonyooka, rangi nyeupe, kwa dola 12 hivi kimoja. Si vya kifahari. Havina skrubu, vinakaa kwa uzito wao, na vibao vinafunguka kwa kidole. Ile karatasi ikaruka tena.

Ukitaka vya mbao vinavyolingana na sakafu, nunua, ni vizuri, lakini vile vinavyokaa sawasawa na sakafu vinataka mbao kuchongwa, na hapo unahitaji fundi kweli. Yale matundu makubwa yanayovuta hewa kuirudisha kwenye tanuru, utayajua kwa karatasi ile ile, maana badala ya kuruka itavutwa na kunata kwenye tundu, usiyawekee kifuniko chenye vibao vya kufunga. Na kama nyumba yako ni ya kabla ya 1978, mwaka ambao Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwenye nyumba, usipige msasa vifuniko vya zamani wala kubandua rangi yake, hasa mkiwa na watoto. Ukiona utepe mweupe kama karatasi umezungushwa kwenye mabati ya zamani kule besimenti, usiuguse kabisa. Tepe za namna hiyo mara nyingi zina asbestosi, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu ukizivuta.

Ndugu zangu, tunasimama zamu mbili, miguu inavimba, halafu jasho lile tunamkabidhi mtu bila hata kushika futi kupima tunachonunua. Mali bila daftari hupotea bila habari. Muulize fundi yeyote, wetu au si wetu, "Umepima nini?" Akikwambia kifuniko, mshukuru, mfungulie mlango. Usione haya kupiga magoti kwenye sakafu yako mwenyewe. Usione haya kumwambia mtu wa kwenu kwamba kazi yake mbaya. Mimi niliona haya, nikalipa nusu ya pili nikiwa bado sijagusa hata kifuniko kimoja.

Matobo 52 ya skrubu niliyaziba kwa unga wa mbao na gundi. Mengi hayaonekani. Yale ya karibu na meza ya chakula yanaonekana jua la asubuhi likipiga, na kifuniko kipya hakifiki kuyafunika.

Dada wa Columbus, usinitumie picha za vifuniko tena. Vitoe, pima matundu kwa ndani, nitumie namba. Mama anarudi Novemba na tayari ameuliza kama kiti chake bado kiko palepale.