Kabla hamjanibandikia maazimio ya mwaka mpya ukutani

Kila Januari ni yale yale. Mnafungua faili la mwaka jana, mnabadilisha tarakimu ya mwisho, mnaniletea maazimio ya shirika letu, linalotetea wanaoishi na VVU na wapenzi wa jinsia moja na wenzao: kuimarisha usawa, kupiga vita unyanyapaa, kuongeza uelewa. Safari hii "kuongeza uelewa" kumeingia hadi kwenye kipengele cha nauli. Wadogo zangu, nawapenda, na wengi wenu mna moyo kuliko tuliokuwa nao sisi tulipoanza. Ila makosa mnayofanya ni yetu. Hamjabuni hata moja.

1. Azimio liwe na kitendo na jina la atakayekifanya. "Kupunguza unyanyapaa kliniki" halimnyimi mtu usingizi. "Kabla ya Machi, afisa wa rufaa atakwenda kukaa kwenye foleni ya kila kliniki tunakotuma wateja" hilo ni azimio. Tuliwahi kumhakikishia mteja usiri, kumbe anakotibiwa faili za VVU zina rangi yake, na foleni nzima inaijua rangi hiyo. Haikuandikwa popote kwenye mkataba wetu wa rufaa. Ilihitaji mtu akae kwenye benchi.

2. Someni sayansi kabla ya kuandika hotuba. Bado kuna rasimu ya kijitabu mezani kwangu inayosema "mpende, lakini jihadhari naye". Utafiti wa PARTNER2, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia karibu jozi 800 za wanaume wapenzi, mmoja akiwa na VVU na anatumia dawa, mwenzake hana. Walifanya ngono bila kondomu zaidi ya mara 76,000. Maambukizi kutoka kwa mwenza ambaye virusi vyake havigunduliki, yaani dawa zimevipunguza hadi kipimo hakivioni: hakuna hata moja. Basi andikeni hivyo, msiweke "huenda" wala "karibu". (Hayo ni ya ngono. Kunyonyesha ni habari nyingine, msiichanganye humo.)

3. Siri ya mteja. Hapa nitakaa, maana ndipo panaponiuma.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya mwaka, ofisi nusu tupu. Nikaona niwatumie wateja salamu za mwaka mpya pamoja na tarehe za kikundi cha wanaoishi na VVU. Nikanakili anwani kutoka kwenye jedwali, nikabandika, nikatuma. Zote zilikaa kwenye mstari wa mpokeaji, si kwenye BCC, ule mstari unaoficha anwani ili wapokeaji wasionane. Nyingi zilikuwa jina la kwanza, nukta, jina la ukoo. Na kichwa cha barua, kwa ubunifu wangu mwenyewe, kilitaja kikundi.

Sikuona kitu. Aliyenifumbua macho ni mama mmoja aliyejibu kwa upole, na akajibu wote: "Asante mwanangu, heri nawe. Sikujua kama tuko wengi hivi." Niliisoma nikatabasamu. Nikairudia, jasho likanitoka.

Hapo nilipaswa kuinuka nikatafute mtu mzima wa kunishika mkono. Badala yake nikakimbilia kutuma barua ya pili, "Tafadhali puuzeni barua iliyotangulia", na kwa kiherehere nikabofya jibu wote. Yaani hata ambaye hakuwa ameifungua ya kwanza sasa akajua kuna la kutazama. Maji yalishamwagika, na mimi nikayasambaza kwa ufagio.

Kijana mmoja, shoga, ambaye kwao hawakujua lolote, alimwona shemeji yake kwenye orodha. Shemeji naye akamwona yeye. Hakuna aliyemsema mwenzake, lakini kijana hakurudi tena kikundini. Nilipompigia aliniambia, "Usinipigie tena kwa namba hii," akakata. Ofisini walikuwepo walioshauri tunyamaze, pengine wengi hawakugundua. Tulichelewa kwa ushauri huo. Mwishowe nikaambiwa niwapigie mmoja mmoja, niseme nilichofanya bila kuleta habari za kompyuta. Wapo walionitukana, na walikuwa na haki. Yule mama ndiye aliyenituliza, jambo lililoniaibisha kuliko matusi.

Msidhani ni ya ofisi ndogo tu. Mwaka 2015 kliniki moja ya London ilituma jarida lake kwa watu wapatao 780, wengi wao wanaoishi na VVU, anwani zote zikionekana, na mwaka uliofuata ikapigwa faini ya pauni 180,000. Lilitangazwa dunia nzima. Halafu juzi mmoja wenu ananiuliza, kwa uso mkunjufu, kwa nini wateja hatujawaweka kwenye kundi moja la WhatsApp ili matangazo yafike haraka. Alikuwa ameshalifungua! Nimelivunja mwenyewe, na bado mapigo ya moyo hayajatulia.

Tumeni mmoja mmoja. Kichwa cha barua kisiseme kitu. Muulizeni mteja ni nani mwingine anayeshika simu yake.

4. Msiweke kila kitu kwenye bango moja. Wengi wanaoishi na VVU si wapenzi wa jinsia moja wala transjenda (wanaojitambua kwa jinsia tofauti na waliyoandikiwa wakizaliwa), na watu wengi wa LGBTQ, yaani mashoga, wasagaji, transjenda na wenzao, hawana VVU. Mkichora picha moja mnawathibitishia majirani kile walichokuwa wakinong'ona. Tunapigana pamoja kwa sababu sheria inayomfanya mtu aogope kutaja mpenzi wake ndiyo inayomfanya aogope kupima. Halafu wapo wanaobeba yote mawili. Mteja wetu mmoja alifukuzwa kazi na fomu yetu ikamtaka achague sababu moja. Aliacha wazi. Fomu hiyo mpaka leo haijabadilishwa, na simwoni aliyeiweka kwenye maazimio.

5. Msimwahidi mteja mwaka ambao kesi yake itakwisha. Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamuru shirika la ndege limpe kazi mtu lililomkataa kuhudumia abiria kwa sababu ana VVU, na mpaka leo tunaandika barua za madai kuhusu jambo lile lile. Kenya, kesi ya kusajili shirika la haki za mashoga na wasagaji ilifunguliwa 2013, Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi 2023. Botswana, Mahakama Kuu iliondoa kosa la ngono ya jinsia moja 2019, serikali ikakata rufaa, na rufaa ikatupwa 2021. Katika miaka hiyo yote mteja anaishi, anatafuta nyumba, anaulizwa maswali kazini. Hayo ya katikati ndiyo kazi yenu, mawakili wanajijua.

6. Vitu vidogo. Fungeni kompyuta mkiinuka. Jedwali la wateja lisikae kwenye simu zenu. Chukueni likizo.

7. Mwaka 1983, huko Denver, Marekani, watu waliokuwa wakiishi na UKIMWI walidai kushirikishwa katika kila ngazi ya maamuzi, wakataja mpaka bodi za mashirika yanayowahudumia. Itazameni bodi yetu, kisha mniambie kama azimio hilo limo kwenye rasimu ya yeyote. Halimo. Ila kushirikishwa si kutolewa mbele ya watu. Walio kati yenu wanaoishi na VVU, au ni wa jamii hii, hawakuajiriwa kuwa kielelezo cha semina. Mratibu akikufuata mlangoni dakika chache kabla ya kikao akakuomba "ushuhuda kidogo tu, wafadhili wapo", mwambie mimi nimesema hapana. Akibisha, namba yangu anayo.