Kuuliza modeli zenye uhusiano wa jumla katika Django: anza na upande ambao hifadhidata inaujua

Ndugu muulizaji, habari za kazi. Umeeleza kwamba mfumo wako wa SACCOS una modeli (darasa la Python linalowakilisha jedwali la hifadhidata) ya Kiambatisho inayobeba fomu za maombi, nakala za vitambulisho na hati za mishahara, na kwamba kiambatisho kimoja kinaweza kuwa cha mwanachama, cha mkopo au cha dhamana, ndiyo maana ukatumia GenericForeignKey, yaani uhusiano wa jumla unaoweza kuelekea modeli yoyote, uliyoipa jina mlengwa. Sasa unataka kupata viambatisho vya mikopo ya tawi moja ambavyo havijahakikiwa, na kila ukiandika filter(mlengwa__tawi=tawi) Django, mfumo wa Python wa kutengenezea programu za wavuti, inagoma kwa kosa la FieldError. Umeuliza kama njia iliyobaki ni kuvuta viambatisho vyote na kuvichuja ndani ya Python. Usifanye hivyo. Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa na mfumo unaofanana sana na wako, wenye viambatisho, maoni ya maofisa wa mikopo na kumbukumbu za mabadiliko, vyote vikiwa vimefungwa kwa uhusiano wa jumla, na karibu kila ulizo (query) unalolihitaji linaweza kufanywa na hifadhidata yenyewe mradi ulianzishe upande unaofaa.

Sababu ya kosa hilo ni kwamba mlengwa si safu ya jedwali. Katika jedwali la viambatisho, nyuma ya mlengwa kuna safu mbili tu za kweli: moja inaonyesha rekodi ya django_content_type, yaani inataja ni modeli ipi, na nyingine inabeba namba ya rekodi inayolengwa. Django inaziunganisha mbili hizo wakati unaposoma kitu kimoja mkononi. Unapoandika mlengwa__tawi, unaitaka iunganishe jedwali la viambatisho na jedwali ambalo halijulikani mpaka kila rekodi isomwe, na SQL haina namna ya kusema hivyo. PostgreSQL au MySQL haioni ufunguo wa kigeni, yaani safu inayorejea rekodi ya jedwali jingine, kutoka hapo kwenda kwenye mkopo au mwanachama. Inaona namba mbili tu zilizokaa pamoja.

Dawa ya kwanza ni kuifungua njia ya kurudi kwa kuweka GenericRelation kwenye modeli inayolengwa. Kwa kuwa umezipa safu zako majina ya Kiswahili, aina na namba, ni lazima uyataje, kwa sababu Django hutarajia content_type na object_id isipoambiwa vinginevyo:

    class Mkopo(models.Model):
        tawi = models.ForeignKey(Tawi, on_delete=models.PROTECT)
        viambatisho = GenericRelation(
            Kiambatisho,
            content_type_field="aina",
            object_id_field="namba",
            related_query_name="mkopo",
        )

Tamko hili haliongezi safu yoyote kwenye jedwali, kwa hiyo unaweza kuliweka hata kwenye mfumo ambao tayari unatumika. Linaloleta tofauti ni related_query_name. Bila hilo unaweza kutoka kwenye mkopo kwenda kwenye viambatisho vyake, lakini huwezi kuchuja viambatisho kwa sifa za mkopo. Ukishaliweka, ulizo lako linakuwa hivi:

    Kiambatisho.objects.filter(mkopo__tawi=tawi, kimehakikiwa=False)

Chapisha SQL yake kwa print(str(ulizo.query)) uitazame. Utaona majedwali mawili yameunganishwa kwa masharti mawili kwa pamoja: namba ya kiambatisho ilingane na ufunguo msingi wa mkopo, na aina iwe ile ya mkopo. Sharti la pili Django imeliongeza yenyewe, na ndilo linalozuia fomu ya mwanachama namba 512 isionekane kuwa ya mkopo namba 512. Ukitaka viambatisho vya tawi bila kujali ni vya mkopo au vya mwanachama, weka GenericRelation kwenye modeli zote mbili kisha utumie Q(mkopo__tawi=tawi) | Q(mwanachama__tawi=tawi), ambapo alama | ina maana ya "au". Ulizo la namna hiyo huwa zito jedwali linapokua, lakini kwa SACCOS ya kawaida linatosha kabisa.

Pengine modeli inayolengwa imo ndani ya kifurushi cha watu wengine na huna ruhusa ya kuigusa. Hapo tumia ulizo ndani ya ulizo:

    aina = ContentType.objects.get_for_model(Mkopo)
    Kiambatisho.objects.filter(
        aina=aina,
        namba__in=Mkopo.objects.filter(tawi=tawi).values("pk"),
    )

Haya yote hupelekwa kwenye hifadhidata kama ulizo moja. Ukipitia get_for_model huna haja ya kuogopa gharama yake, kwa maana Django huhifadhi jibu lake kwenye kumbukumbu ya programu baada ya kulipata mara ya kwanza. Jambo ambalo sikubaliani nalo hata kidogo, na ambalo nimelikuta kwenye mifumo mingi niliyokabidhiwa, ni kuandika namba ya aina moja kwa moja kwenye msimbo, kwa mfano aina_id=12. Namba hizo hutolewa kwa kufuata mpangilio ambao uhamishaji wa modeli (migrations) ulifanyika, hivyo 12 ya kompyuta yako inaweza kuwa modeli nyingine kabisa kwenye seva. Kwa sababu hiyo hiyo, unapohamisha data kwa dumpdata ongeza --natural-foreign, ili aina iandikwe kwa jina la programu na jina la modeli badala ya namba.

Swali la pili uliloliuliza, la mikopo ambayo haina kiambatisho chochote kilichohakikiwa, ndilo lenye mtego mkubwa zaidi. Ninapendekeza Exists, inayouliza tu kama kuna rekodi inayolingana (alama ~ huigeuza iwe "hakuna"):

    vilivyohakikiwa = Kiambatisho.objects.filter(
        aina=aina, namba=OuterRef("pk"), kimehakikiwa=True
    )
    Mkopo.objects.filter(~Exists(vilivyohakikiwa))

Hapa sharti la aina unaliandika mwenyewe, na hakuna kitu kitakachokukumbusha ukilisahau. Ulizo litakubaliwa, majibu yatarudi, na yataonekana ya kawaida. Isipokuwa mkopo namba 512 usio na karatasi hata moja utatoweka kwenye orodha kwa sababu mwanachama namba 512 amehakikiwa kitambulisho chake. Ofisa wa mikopo hatajua kwamba kuna jina limekosekana. Kwa hiyo andika jaribio linalotengeneza kwa makusudi mwanachama na mkopo wenye ufunguo msingi unaofanana, na ulitumie kupima kila ulizo la namna hii.

Kuhesabu nako kunahitaji uangalifu, hasa pale fedha zinapohusika. Ukishakuwa na GenericRelation, annotate(idadi=Count("viambatisho")) hufanya kazi sawasawa. Tatizo huanza unapoongeza kwenye ulizo hilo hilo Sum("marejesho__kiasi"). Chukua mkopo wenye viambatisho 3 na marejesho 12: kuunganisha majedwali hayo kwa pamoja hutoa mistari 36, hesabu ya viambatisho inasoma 36, na jumla ya marejesho inatoka mara tatu ya fedha zilizolipwa. Kuweka distinct=True kwenye Count hurekebisha hesabu ya viambatisho, lakini jumla ya fedha inabaki imevimba, na kuweka distinct kwenye Sum ni hatari zaidi kwa kuwa marejesho mawili ya kiasi kinachofanana yatahesabiwa kama moja. Tenga kila hesabu kwenye Subquery yake, yaani ulizo dogo ndani ya ulizo. Msimbo utarefuka kidogo, lakini mwanachama anayeambiwa amebakiza deni kiasi fulani ana haki ya kuambiwa kiasi cha kweli.

Upande wa kuonyesha orodha, yaani ukurasa unaopitia viambatisho na kwa kila kimoja unaandika ni cha nani, kwa kila kiambatisho ambacho template (kiolezo cha ukurasa) inaita kiambatisho.mlengwa panafanyika ulizo jipya. Orodha ya viambatisho 50 inakuwa maulizo 51. Usijaribu select_related, kwa kuwa haiungi mkono uhusiano wa jumla na italeta FieldError nyingine. Tumia prefetch_related("mlengwa"), ambayo hukusanya namba kwa kila aina na kufanya ulizo moja kwa kila modeli inayohusika, kwa hiyo kwako wewe yatakuwa manne tu: la viambatisho, la wanachama, la mikopo na la dhamana. Ikiwa ukurasa unahitaji pia jina la mwenye mkopo au la tawi, Django 5.0, iliyotoka Desemba 2023, ilileta GenericPrefetch inayokuruhusu kutoa ulizo maalumu kwa kila modeli:

    from django.contrib.contenttypes.prefetch import GenericPrefetch

    Kiambatisho.objects.prefetch_related(
        GenericPrefetch("mlengwa", [
            Mkopo.objects.select_related("mwanachama", "tawi"),
            Mwanachama.objects.select_related("tawi"),
        ])
    )

Modeli ambayo hukuitaja kwenye orodha hiyo itachukuliwa kwa njia ya kawaida. Njia hiyo ya kawaida hupitia meneja (kifaa cha Django cha kuvuta rekodi) wa msingi wa modeli, si meneja uliyemtengeneza wewe, kwa hiyo kama umezoea kuficha mikopo iliyofutwa kwa kumpa objects kichujio, itaonekana hapa bila kichujio hicho.

Kuna mambo mengine matatu ambayo hukuyauliza lakini yanagusa majibu ya maulizo yako. La kwanza ni faharasa (index). ForeignKey ya kawaida hupewa faharasa yenyewe, lakini jozi ya aina na namba haipewi, kwa hiyo weka models.Index(fields=["aina", "namba"]) kwenye Meta ya Kiambatisho kabla jedwali halijawa kubwa. La pili ni kufuta. GenericForeignKey haina on_delete, yaani kanuni ya kinachofanyika rekodi inayolengwa ikifutwa. Mkopo ukifutwa na modeli yake haina GenericRelation, viambatisho vyake vitabaki bila mwenyewe, na mlengwa atasomeka kama None. Ukiweka GenericRelation, Django itavifuta pamoja na mkopo, jambo ambalo kwa nyaraka za fedha huenda hulitaki hata kidogo. Amua kwanza kabla ya kuongeza tamko hilo, na kama karatasi zinatakiwa kubaki, zuia kufuta mikopo kabisa na badala yake uipe hali ya kufungwa.

La tatu ni aina ya safu ya namba. Wapo wanaoifanya CharField ili iweze kubeba namba za kawaida na UUID (vitambulisho virefu vya herufi na tarakimu) kwa pamoja, na jedwali la Django lenyewe la kumbukumbu za admin huhifadhi object_id kama maandishi. Ukifanya hivyo, SQLite ya kwenye kompyuta yako italinganisha maandishi na namba bila kulalamika, majaribio yote yatapita, kisha PostgreSQL ya kwenye seva itakataa ikisema haina kilinganishi cha maandishi na namba. Suluhisho ni Cast, inayogeuza thamani iwe ya aina nyingine: andika namba=Cast(OuterRef("pk"), CharField(max_length=36)) ndani ya Exists, na vivyo hivyo kwenye namba__in. Zaidi ya hapo, fanya majaribio kwenye hifadhidata ya aina ile ile inayotumika kwenye seva.

Mwisho niseme ninavyoona kuhusu muundo wenyewe, kwa kuwa wachangiaji wawili waliokujibu kabla yangu wamekushauri uuache uhusiano wa jumla mara moja. Ninakubaliana nao nusu. Kwa kumbukumbu za mabadiliko, au maoni yanayoweza kuwekwa kwenye modeli yoyote itakayozaliwa kesho, uhusiano wa jumla ndio unaofaa, kwa sababu orodha ya vinavyolengwa haijulikani. Viambatisho vyako vina modeli tatu zinazojulikana, na hazitaongezeka kila mwezi. Kwa hali hiyo ningeweka ForeignKey tatu za kawaida zinazoruhusu null (kubaki tupu), pamoja na CheckConstraint, yaani sharti linalosimamiwa na hifadhidata, inayodai kwamba moja tu kati yake ndiyo iwe na thamani (kuanzia Django 5.1 sharti lake huandikwa kwa condition, matoleo ya nyuma kwa check). Hapo filter(mkopo__tawi=tawi) hufanya kazi bila tamko la ziada, select_related inakubali, kila safu ina faharasa yake, na hifadhidata yenyewe inakataa kiambatisho cha mkopo usiokuwepo. Uhamishaji si mgumu: ongeza safu tatu, nakili namba kwa kila aina ndani ya uhamishaji wa data, kisha ondoa aina na namba katika toleo linalofuata. Viambatisho visivyo na mwenyewe vitajitokeza wakati wa kunakili, kwa kuwa ufunguo wa kigeni utavikataa, kwa hiyo vitafute mapema kwa ~Exists na mkubaliane na meneja wa SACCOS vitafanywaje.

Kwa sasa, ikiwa mfumo unatumika na wewe huna muda wa kuhamisha, anza na faharasa na GenericRelation yenye related_query_name, kisha ujaribu ulizo la kwanza. Likiwa bado linachelewa, liendeshe kwa .explain(analyze=True) kwenye PostgreSQL na uweke matokeo yake hapa pamoja na Meta ya modeli, ili tuone ni jedwali lipi linalosomwa lote.