Mtoto haitiki jina: anza na masikio

Pole, dada yangu wa Masasi. Mwanao ana miaka mitatu, haongei, haitiki jina, anapanga korosho mstari mmoja na ukizigusa ni kilio. Mama mkwe anasema jini. Wangu alikuwa hivyohivyo, ila yeye na vifuniko vya soda.

Huenda ni usonji (autism), yaani ubongo wa mtoto hukua kwa namna tofauti, ingawa si mimi wa kuamua. Kwanza apimwe masikio, maana asiyesikia naye haitiki. Kisha omba rufaa hapo Masasi, uende hospitali ya Ligula, Mtwara mjini, umwone daktari wa watoto. Usonji hauna kipimo cha damu; daktari humtazama mtoto na kukuuliza maswali: anaonyesha vitu kwa kidole? Kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea? Mrekodi kwa simu, kule ugenini anaweza kutulia tuli.

Wakati unasubiri, kaa naye chini, mpangie korosho, sema "nipe", nyamaza, ngoja. Nilingoja miezi kulisikia "maji".

Mama mkwe usigombane naye, ila chale na mafusho kataa. Wala usonji hauletwi na chanjo, wala na malezi yako. Akipata degedege, hospitali saa hiyohiyo.