Jibu: Mume anatengeneza betri, je mtoto apimwe risasi?

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka 2 apimwe madini ya risasi (sumu iliyomo ndani ya betri) kwa kuwa babake anafungua betri kuukuu hapo Mikindani. Apimwe, tena usingoje dalili, maana watoto wengi hawaonyeshi chochote. Kipimo cha malaria au cha wingi wa damu hakitaionyesha. Mwambie daktari waziwazi kwamba unataka kiwango cha risasi kwenye damu, na umtajie kazi ya mumeo. Shirika la Afya Duniani linasema kikifika maikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Chanzo chenu huenda ni zile nguo za kazi za mumeo, zinazobeba vumbi la risasi. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Nyumba moja nilimkuta mtoto amelalia shati la kazi la babake, vumbi la kijivu limemganda shavuni. Iliniuma sana. Baba aoge na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto, zifuliwe peke yake. Usifagie pakavu, piga deki. Na betri zisifunguliwe uani kabisa! Tuliyaona Owino Uhuru, kijiji cha Mombasa kilichochafuliwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu.