Jibu: kitunguu, selari na hoho vinatoa maji badala ya kukaangika

Salama ndugu. Umesema mboga zako za kuanzia gumbo (mchuzi mzito wa Louisiana, Marekani) zinatoa maji, kisha mchuzi unakuwa na utamu usioeleweka.

Anza na sufuria. Ikiwa nyembamba na umeijaza, mboga zinachemka kwa maji yake. Tumia pana, nzito, na chumvi itie baadaye kwani inazivuta maji mapema.

Utamu nadhani ni hoho nyekundu. Wapishi wa Louisiana hutumia ya kijani, ina uchungu kidogo. Karoti nayo itoe kabisa, hiyo ni ya mchanganyiko wa mboga wa Wafaransa. Mimi naweka kitunguu vikombe 2, selari kikombe 1, hoho kikombe 1, vyote vimekatwa vidogo. Selari ikibaki vipande vikubwa utatafuna nyuzi.

Kwa gumbo, kaanga unga wa ngano kwenye mafuta mpaka ufike rangi ya chokoleti, ndipo umwage mboga humo humo. Zitalia chwaa! na kuuzuia unga usiungue. Koroga mpaka kitunguu kilainike, tia kitunguu saumu mwishoni, halafu supu. Ukiona vidoa vyeusi kwenye unga kabla ya mboga, mwaga uanze upya. Uchungu ule hautoki.