Taa mwenye macho madogo: picha gani inamtambulisha?

Swali: Nikizamia kusini mwa Msumbiji nimempiga picha taa mkubwa mwenye madoa meupe mgongoni. Nitajuaje kama ni taa mwenye macho madogo (kisayansi Megatrygon microps), na picha yangu ina faida gani kwa watafiti?

Jibu: Tazama umbo kabla ya madoa. Huyu ni mpana kuliko urefu wa mwili wake, na upana unaweza kuzidi mita 2. Macho ni madogo mno kwa mwili huo. Shina la mkia ni nene na bapa, na mwiba umekaa mbali nyuma. Ukishapita mwiba, mkia unakuwa mwembamba kama mjeledi. Taa tai wa madoadoa (Aetobatus ocellatus), anayeweza kuchanganywa naye, ana kichwa kilichochomoza mbele ya mabawa, na miiba yake iko karibu na mzizi wa mkia.

Madoa hayamtambulishi kwa spishi tu, bali humtofautisha kila mmoja na wenzake. Kwa mpangilio wake, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulitambua taa 70 katika picha za miaka 15, na 15 kati yao walionekana tena. Mmoja alisafiri takribani kilomita 400, kwenda na kurudi. Bila picha za wazamiaji hilo lisingejulikana.

Kwa hiyo piga mgongo mzima, ukiwa juu yake na kamera ikitazama chini moja kwa moja. Picha ya ubavuni huvuta madoa ya upande mmoja na kuficha ya upande wa pili, hivyo kulinganisha kunashindikana. Bawa likiwa limeinuka, subiri lishuke. Maji yakiwa na chembe nyingi, zima mwanga wa kamera. Chembe zinazong'aa zinafanana kabisa na madoa, na kosa hili huharibu picha nyingi. Usimfukuze: akikimbia, unapoteza picha na yeye anapoteza nguvu.

Ongeza picha ya nyuma, kwenye mzizi wa mkia. Dume ana viungo viwili virefu vya uzazi pembeni mwa mkia, jike hana. Mgongo uliovimba kwa jike waweza kuwa dalili ya mimba, nayo ni habari ya thamani, kwani taa hawa huzaa watoto hai na wachache. Wavu ukiwaua majike wachache tu, pengo huchukua muda mrefu kuzibika.

Andika tarehe, kina na mahali. Usiikate picha wala kuirekebisha rangi. Watumie watafiti faili asilia.